Anayeitwa Mshamba Huwa Ameuliza Swali

Nazungumza na nyinyi mlio Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet na Mogogosiek, na nyinyi wa kambi za mashamba makubwa, Chagaik, Saosa, Kitumbe, ambao saa hii ndiyo mnavua aproni zilizolowa mvua ya alasiri na kubandika chai jikoni.

Jioni hii nataka tuzungumze kuhusu majina. Siyo ya ubatizo wala ya ukoo. Ni yale ambayo mtu hubandikwa anapoonekana hajachanuka. Mshamba. Mtu wa ushago. Fala. Analogi. BBC, yaani aliyezaliwa kabla ya kompyuta. Mwanafunzi mgeni katika shule ya bweni ni mono, na mono hana haki ya kujua chochote mpaka mono wengine waje mwaka unaofuata. Ukivuka mpaka kuingia Uganda utasikia maalo. Kinshasa wana mbokatier, wakimaanisha mtu aliyeshuka mjini na kijiji chake mgongoni. Kila nchi inalo jina lake, na kila jina linamwelekea mtu yuleyule: aliyetoka mashambani, au aliyezeeka, au aliyekosa habari ambayo wenzake waliipata jana.

Watu wengi huniambia haya ni masihara ya vijana, tuwaache. Mimi siwezi kuyaacha, na nitawaeleza kwa nini.

Mwaka jana nilisimama kwenye kituo kimoja cha kununulia majani huku Konoin. Mawingu yalikuwa yameshuka na kila mtu alitaka kupimiwa kabla mvua haijaanza. Mbele yangu alikuwepo mama mwenye umri wa kuitwa kogo, yaani bibi, na wote tuliokuwa pale. Akamimina majani yake mezani, karani akayapekua kwa kiganja akitafuta yaliyokomaa kupita kiasi, hakupata mengi, akayatia mfukoni na kuuning'iniza mfuko kwenye mizani ya elektroniki. Mashine ikatoa karatasi nyembamba. Kogo akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali tena, halafu akauliza: "Hapa mmeandika kilo ngapi? Na hii iliyotolewa ni ya nini?"

Karani alikuwa bado hajafungua mdomo. Kijana mmoja nyuma yetu, ufunguo wa pikipiki ukizunguka kidoleni, akamtangulia: "Kogo, wewe ni analogi kabisa! Hiyo ni mashine, haikosei." Foleni nzima ikacheka. Kogo naye akacheka, akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso na kuondoka zake.

Zamu yangu ilipofika nilimwuliza karani swali lilelile. Akanijibu vizuri tu: kilichotolewa ni uzito wa mfuko, kwa sababu mfuko si chai. Jibu hilo lilichukua muda mfupi kuliko kile kicheko.

Sasa fikirieni. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kwa kilo. Kilo zake za mwezi ndizo malipo ya mwezi, na kilo zake za mwaka mzima ndizo zinazoamua bonasi itakayomlipia karo, itakayomalizia nyumba, itakayonunua ng'ombe. Ile karatasi ndiyo ushahidi anaobaki nao majani yake yakishapanda lori kwenda kiwandani. Katika foleni ile, kogo ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko sote, na ndiye tuliyemcheka. Siku nyingine atauliza? Mimi nina hakika hatauliza. Ataikunja karatasi yake na kuifunga kwenye leso, na siku ambayo mashine itakosea, au karani atakosea, hatakuwepo mtu wa kugundua.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema jioni hii. Jina kama mshamba au analogi halimwelezi mtu. Kazi yake ni kulifunga swali alilouliza, ili aliyeulizwa asilazimike kujibu.

Hilo neno analogi tulilipata kwenye siasa. Katika kampeni za 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto walijiita timu ya dijitali, na Raila Odinga na wenzake wakaitwa timu ya analogi. Kura zilihesabiwa zikaisha, jina likabaki mitaani, likahama kutoka kwa wanasiasa likawaangukia wazazi wetu. Mapema 2015 mitambo ya televisheni ya analogi ilipozimwa, nyumba nyingi zisizo na king'amuzi zilibaki na skrini tupu, na wenye nyumba hizo wakachekwa kana kwamba walikuwa wamekataa maendeleo. Walichokosa ni pesa za kununua kisanduku. Vivyo hivyo na simu: anayebeba mulika mwizi huchekwa na anayebeba simu ya kugusa, ingawa mulika mwizi hupokea pesa za M-Pesa sawasawa na hukaa na chaji siku kadhaa mahali ambapo umeme hukatika kila mvua inapopiga. Umaskini tumeupa jina la ujinga, na hilo ni kosa kubwa.

Dharau hii ina historia, na hapa Kericho historia yake iko chini ya miguu yetu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga kama ekari 25,000 za ardhi ya Kericho kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wamejeruhiwa vitani. Mpango huo uliitwa BEADOC. Walikuja kulima kitani. Hawakuijua ardhi hii wala mvua yake, wengi hawakuwa wamewahi kulima chochote, na bei ya kitani ilipoporomoka ndoto yote ikafa ndani ya miaka michache. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na African Highlands, katikati ya miaka ya 1920, na ndipo milima hii ikaanza kuvaa ile rangi ya kijani inayopigwa picha na wageni.

Katika hadithi hiyo, ni nani ambaye hakujua mambo? Mkipsigis, mwenyeji wa ardhi hii, alijua nyasi zipi zinafaa ng'ombe, alijua mvua ya mawe hupiga miezi gani na upande upi wa mlima. Lakini yeye ndiye aliyesukumwa kwenye rizavu, eneo lililotengewa Waafrika, na akitoka nje kutafuta kazi ilimbidi avae kipande cha utambulisho. Wazee wetu mpaka leo husema "huko rizavu" wakimaanisha nyumbani. Kwa miaka mingi mtu wa rizavu aliruhusiwa kuchuna chai ya wengine, lakini kuipanda kwake mwenyewe alikatazwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za namna hii: Mwafrika ataharibu ubora, Mwafrika ataleta magonjwa, Mwafrika hajui. Mlango ulifunguliwa miaka ya 1950, na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ikaundwa 1964. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, hao waliosemwa kwamba hawajui. Kijana wa Bomet anayemcheka mwenzake kwa kutoka ushago anarudia hukumu iliyotolewa juu ya babu yake na watu waliokuwa na sababu ya kumtaka anyamaze.

Tuje kwenye lafudhi, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Katika Kikalenjin, sauti ya p na ya b hazitenganishi maneno. Ni vivyo hivyo kwa t na d, na kwa k na g. Mtoto aliyekua akizungumza Kikipsigis nyumbani akisema "kapisa" badala ya "kabisa", ulimi wake unafuata kanuni za lugha yake, na unazifuata bila makosa. Nchi nzima imegeuza jambo hilo kuwa kichekesho. Mwishoni mwa miaka ya tisini kundi la Redykyulass lilipoanza kumwigiza Rais Moi na lafudhi yake ya Kikalenjin, Walter Mong'are akiwa Nyambane, lilihitaji ujasiri, maana aliyeigizwa alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini. Nalipa heshima kwa hilo. Lakini Moi aliondoka Ikulu 2002, na ile lafudhi ikabaki shingoni mwa watu wasio na nguvu yoyote: askari wa lango, mwanafunzi mgeni chuoni Nairobi, dada anayepiga simu kuuliza nafasi ya kazi. Wao hawajawahi kutawala mtu.

Nimekaa na vijana werevu kutoka Longisa na Mulot waliosoma mpaka chuo kikuu, na wakaniambia kwamba katika miaka yote ya masomo hawakuwahi kuinua mkono darasani. Walikuwa na la kuuliza. Waliogopa sauti yao wenyewe. Wengine walianza kuogopa mapema zaidi, shule ya msingi, walipovishwa disiki kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama zao uwanjani. Huyo mtoto amefundishwa kwamba midomo ya watu wa kwao ina aibu. Tunamtarajia akiwa na miaka ishirini na mitatu asimame mbele ya jopo la waajiri ajieleze kwa kujiamini? Atatoa wapi huko kujiamini?

Na anayemcheka, ajue kwamba naye anachekwa. Kiswahili cha Nairobi kinasikika Mji wa Kale, Mombasa, kama Kiswahili cha wabara, watu waliookota lugha njiani. Mombasa nayo ilipata pigo lake: mkutano wa 1928 uliofanyika palepale Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya Mombasa na ya washairi wakubwa, kikawekwa kando. Unguja nako, mtu wa mjini na mtu wa shamba si kitu kimoja machoni pa watu wa mjini. Ngazi hii haina mwisho. Kila aliyesimama juu yake ana mtu juu ya kichwa chake.

Niwape kisa kimoja cha hapa kwetu ambacho nakipenda sana. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka nusu ya Afrika akiwa na mitambo ya kurekodia, alifika Kapkatet. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia wimbo, na kinanda cha nyuzi cha chepkong kikiwafuata. Kiongozi wao aliitwa Chemutoi Ketienya. Wimbo ulikuwa wa kiumbe wa ajabu anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu paa, mwimbaji na mchezaji ngoma hodari. Huyo Chemirocha alikuwa ni nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani kutoka Mississippi aliyewahi kufanya kazi kwenye reli na aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilifika huku na wageni, zikachezwa, na sauti ile ya kuruka kutoka kooni ikawashangaza vijana. Wakampa jina linaloingia vizuri kinywani mwao, wakampa miguu ya paa, wakamtia kwenye ngoma yao.

Kwa miaka mingi kisa hicho kimesimuliwa ng'ambo kama kichekesho kitamu cha watu wa kijijini wasiojua santuri ni nini. Mimi nakisoma tofauti kabisa. Hao wasichana walikuwa wamesikiliza. Walisikia muziki uliotoka upande wa pili wa dunia, wakatambua kwamba mwenye sauti ile ni fundi, wakamtungia wimbo wao wenyewe kwa lugha yao na kinanda chao. Niambieni, ni wangapi huko Mississippi mwaka huo waliokuwa wamesikia hata wimbo mmoja wa Kikipsigis? Kama kutojua habari za wenzako ndiko ushamba, Kapkatet haikuwa na ushamba. Zaidi ya miaka sitini baadaye nakala za rekodi hizo zilirudishwa huku, na wazee wakasikia tena sauti za ujana wao. Tangu wakati ule mpaka kwa Kipchamba arap Tapotuk na gitaa lake la benga, na mpaka leo unapoingia kwenye mkahawa wa Sotik ukamkuta Mmarekani Jim Reeves akiimba redioni, masikio ya watu wetu hayajawahi kufungwa.

Nisipozungumza na wazee nitakuwa nimependelea, kwa hiyo wazee wangu mnivumilie. Nasi tuna majina yetu. Tunamcheka kijana aliyekulia Nairobi kwamba ni mbabi, mtoto wa mitaa ya matajiri asiyejua nauli ya matatu wala neno moja la mtaani. Akija nyumbani Desemba tunampa kikapu makusudi tuone atakavyoaibika. Na kweli huaibika, maana kuchuna chai ni ujuzi. Macho yanatafuta majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili inafanya kazi kwa pamoja, fimbo imelazwa juu ya miti ili meza, yaani uso wa juu wa miti hiyo, ibaki sawa, na mguu unajua pa kukanyaga kwenye utelezi. Mchunaji mzuri haangalii hata kikapu chake. Mkulima wa Kapkoros anatambua kwa macho mche wa TRFK 6/8, na ule wa chai ya zambarau, TRFK 306, na atakwambia upi unavumilia kiangazi na upi utakupa majani mengi zaidi. Mtoto wa mjini hayajui hayo. Wa kumfundisha ni sisi.

Lakini sikilizeni linalotokea. Binti amemaliza shahada ya kilimo Chuo Kikuu cha Kabianga, anarudi nyumbani, anamwuliza baba yake kwa nini anaweka mbolea ileile kila mwaka bila kupima udongo. Baba anajibu, "Nyinyi wa vitabu mnajua nini kuhusu chai?" Watu wanacheka. Swali limefungwa. Hakuna tofauti kati ya baba huyo na yule kijana wa pikipiki kituoni. Wote wawili wamesikia swali ambalo jibu lake lingewafaidi, na wote wawili wameona afadhali kucheka.

Na kuna mahali ambapo kicheko hiki kimekuwa hatari. Mnakumbuka Mei 2023, mashine za kuchunia chai zilipochomwa moto katika mashamba makubwa hapa Kericho. Sitetei uchomaji wa mali, na nalisema hilo wazi. Lakini nilisikia maneno yaliyofuata, kwenye mikahawa na hata kwenye redio: hawa ni washamba, hawa wanaogopa teknolojia, dunia imewaacha. Wasikilizaji, mchunaji anayeona mashine inayobebwa na watu wachache ikimaliza safu ambayo jana ilikuwa na kundi zima la wanawake, haogopi teknolojia. Amepiga hesabu. Anauliza: sisi tutakula wapi? Ile nyumba ya kambini ambayo watoto wangu wamezaliwa ndani yake, itakuwa ya nani nikiachishwa kazi? Makampuni nayo yana hesabu zao, gharama za vibarua na bei ya chai mnadani Mombasa, nazo zinastahili kusikilizwa. Basi hesabu zote mbili ziwekwe mezani. Kumwita mchunaji mshamba ni kuondoa hesabu yake mezani kabla haijasomwa, na hilo limefanywa hata na watu waliosoma, katika ofisi zenye zulia.

Mwaka uliofuata, Juni 2024, vijana wa Gen Z walipoingia barabarani nchi nzima kuhusu Mswada wa Fedha, wakubwa fulani walisema watoto hawa wanaishi kwenye simu na hawajui nchi inavyoendeshwa. Vijana walikuwa wameusoma mswada kifungu kwa kifungu. Jina lilikuwa tofauti, lakini kazi yake ilikuwa ileile: usimjibu, mwambie hajui.

Turudi nyumbani. Kaunti hizi mbili za Kericho na Bomet zilikuwa na watu wapatao milioni 1.8 katika sensa ya 2019. Karibu kila nyumba inayo shamba, au inamtumikia mwenye shamba, au imesomeshwa na shamba. Sitawaomba vijana waache Sheng, maana Sheng ni lugha yenye akili na uhai. Wala sitawakataza kutaniana, kwani utani ni sehemu ya maisha yetu tangu zamani na una adabu yake. Ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwa watu maalum.

Makarani wa vituo vya chai, wahudumu wa hospitali, watu wa kaunta za benki na sako: mtu akiuliza, mjibuni yeye, msijibu kicheko cha foleni. Walimu, mtoto akijibu kwa lafudhi ya nyumbani, pokeeni jibu lake kwanza, na atakayemcheka aambiwe anyamaze, hapohapo, mbele ya darasa. Wazazi, binti yenu akileta habari ya udongo, pelekeni huo udongo ukapimwe.

Nawe kijana uliyerudi likizo, mama yako akikuletea simu na kuuliza ujumbe huu umeandika nini, keti naye. Msomee wote, mpaka mwisho. Akiuliza mara ya tatu, msomee mara ya tatu.